Gekko sio shujaa, mtazameni yule fundi wa ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala iliyotoka juzi kwenye ukurasa wenu wa burudani, ile iliyotaja filamu ambazo kila kijana anayetaka kutoboa lazima aziangalie, na namba moja mkaiweka Wall Street ya mwaka 1987. Filamu yenyewe sina ugomvi nayo, naipenda sana na nimeirudia mara nyingi, ni moja ya filamu chache zinazokuonyesha pesa kubwa inavyotembea bila kukuzungusha. Ugomvi wangu ni ile picha mliyoiweka, Gordon Gekko, yule tajiri wa hisa wa kwenye filamu, na suspenda zake, alafu chini mmeandika kwamba huyu ndiye mwalimu wa mafanikio. Hapana jamani. Na sio gazeti lenu peke yake, hapa mjini kila kijana wa forex ana ile klipu yake kwenye stetasi, Gekko anahutubia, watu wanapiga makofi, chini kawekewa muziki na namba ya simu ya kujiunga na darasa.

Mimi ni mhasibu wa saccos hapa Temeke, kutwa nzima nashinda na vitabu vya pesa za watu, kwahiyo hii filamu kwangu sio burudani tu.

Kwa ambao hawajaiona. Bud Fox ni dalali mdogo wa hisa pale New York, mwaka 1985, kijana wa suti na tai anayeshinda kwenye simu akibembeleza watu wanunue hisa, na pamoja na suti yote hiyo mwezi haumfikii mwisho mpaka inabidi amkope baba yake. Baba yake, Carl Fox, ni fundi wa ndege na kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye shirika dogo la ndege linaloitwa Bluestar. Waliocheza hao wawili, Martin Sheen na Charlie Sheen, ni baba na mtoto kweli, ndio maana wakigombana unasikia kabisa kwamba hawa wanajuana. Bud anamtafuta Gekko kwa muda mrefu, anapiga simu ofisini kwake kila siku, mwisho siku ya birthday ya Gekko anaenda na boksi la sigara za Cuba, anaingizwa. Anapewa dakika chache. Anataja hisa hii, anataja hisa ile, Gekko hashtuki. Alipoona mambo yanamponyoka ndio akatoa kitu alichokisikia kwa baba yake wakiwa wamekaa wanakunywa, kwamba mamlaka ya anga italisafisha shirika la Bluestar kwenye suala la ajali ya zamani, na habari yenyewe ilikuwa bado haijatangazwa. Gekko akanunua, habari ikatoka, hisa zikapanda, kijana akawa ameshaingia ndani ya nyumba ya wakubwa.

Sasa hapo ndipo filamu yote ilipo na ndipo vijana wetu wanapopita mbio. Sisi hapa mjini hiyo tunaiita konekshen na tunaiheshimu mno, mtu akijua tenda inatoka kabla haijatangazwa, akijua barabara mpya itapita wapi akawahi viwanja vya watu kwa bei ya kutupa, tunamsifia, yule mjanja, ana watu wake. Bud hakuvunja mlango wa mtu, alirudia tu maneno ya mzee wake, kwahiyo kosa liko wapi? Liko hapa: hisa ina pande mbili, kila anayenunua kuna aliyemuuzia. Chukua mwalimu mstaafu wa Tandika, ana hisa zake kidogo, leo asubuhi anataka kuuza sehemu amlipie mjukuu ada, anampigia dalali wake anauza kwa bei ya leo. Aliyenunua anajua kwamba kesho saa nne kuna tangazo na bei itaruka, mwalimu hajui. Ile faida ya kesho haikushuka toka mbinguni, imetoka kwenye mkoba wa yule mwalimu. Na hatajua maisha yake yote kwamba ameibiwa, atabaki kusema mimi sina bahati, niliwahi kuuza. Hakuna polisi wa kumpelekea malalamiko kwasababu hana cha kulalamikia, haoni mwizi wala haoni kilichoibiwa. Kwahiyo sheria yetu ya masoko ya mitaji na dhamana ya mwaka 1994 inakataza kununua na kuuza hisa kwa taarifa za ndani, na tuna mamlaka nzima, CMSA, ya kulisimamia soko. Kijana anayekuambia kwenye semina ya ukumbi wa hoteli kwamba siri ya pesa ni kupata taarifa kabla ya wenzio, kama anaongelea hisa basi anakufundisha uhalifu.

Nayasema haya nikiwa mtu wa hisa mwenyewe, msinielewe vibaya. Soko letu la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa mwaka 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, watu wakicheka. Mwaka 2008 NMB walipouza hisa kwa shilingi 600, na mwaka uliofuata CRDB kwa shilingi 150, walinunua walimu, manesi, mama lishe, na wengi waliotulia nazo hawajuti. Saivi unanunua kwa simu. Hiyo ni pesa halali na inakuja polepole, ndio maana haiwekwi kwenye stetasi.

Tuje kwenye hotuba. Hao wanaozungusha klipu wanakata kile kipande cha mwisho, Gekko akisema uroho ni kitu kizuri. Kipande cha mwanzo hawakiweki. Mwanzo amesimama kwenye mkutano wa wenye hisa wa kampuni ya karatasi inaitwa Teldar, anawaambia kampuni yenu mwaka jana imepata hasara ya dola milioni 110, alafu ina makamu wa rais 33 na kila mmoja analipwa zaidi ya dola laki mbili kwa mwaka, na yeye pamoja na kuchunguza sana bado hajaelewa hao watu wanafanya kazi gani. Yaani anasema kweli! Ubaya wake wote uko hapo. Angekuwa anasema uongo mtupu wangemzomea akatoka.

Sisi tuliokulia Dar miaka ya themanini na tisini hiyo hotuba tunaijua hata kama filamu hatukuiona. Mashirika ya umma yalikuwa na wakurugenzi mpaka wa kufungua mlango, magari ya shirika yanabeba mkaa na matenga ya nyanya toka mikoani, bidhaa dukani hamna, hasara kila mwaka inafidiwa na hazina. Kwahiyo ilipokuja tume ya kurekebisha mashirika ya umma, PSRC, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wengi tulipiga makofi kama wale wenye hisa wa Teldar, na sio kwamba tulikuwa wajinga, tulichokuwa tunaambiwa kilikuwa kweli. Na kuna vilivyouzwa vikasimama, TBL iliuzwa 1993 na mpaka leo inapika bia pale Ilala, hisa zake ziko sokoni tangu 1998 na gawio watu wanapata. Lakini vingapi viliuzwa vikageuka magodauni ya mchele na mitumba? Pita barabara ya Pugu uhesabu mwenyewe. Ile kweli ya mwanzo ndio iliyofungua mlango, nyuma yake wakaingia watu waliokuwa na shida zao nyingine kabisa.

Oliver Stone, aliyeitengeneza, hii stori hakuiota. Baba yake alikuwa dalali wa hisa hukohuko New York na filamu ameitunuku kwake. Na maneno ya kusifia uroho kuna mtu kweli aliyasema, Ivan Boesky, tajiri mkubwa wa hisa wa miaka hiyo, mwaka 1986 aliwahutubia wahitimu wa chuo kikuu cha California kule Berkeley akawaambia uroho hauna ubaya, una afya. Mwaka huohuo mwezi wa kumi na moja akakubali kulipa dola milioni 100 kwasababu utajiri wake ulitokana na kununua taarifa za ndani, na Desemba 1987, mwezi filamu ilipotoka, akahukumiwa miaka mitatu jela. Miezi miwili kabla, tarehe 19 Oktoba, soko la New York lilikuwa limeanguka asilimia 22.6 kwa siku moja. Michael Douglas aliyecheza Gekko akapata Oscar, na mpaka uzeeni amekuwa akisimulia kwamba watu wanamfuata wakimwambia wewe ndio uliyenifanya niingie kwenye biashara ya hisa, na haimfurahishi. Mwaka 2012 FBI wakamtumia kwenye tangazo la kuwaonya watu kuhusu biashara ya taarifa za ndani. Mwenyewe aliyecheza amesimama mbele ya kamera anasema ule ni uhalifu, sisi huku bado tunamuita mwalimu!

Sasa turudi kwa mzee Carl, kwasababu makala yenu haikumtaja hata mara moja.

Bud akishakolea pesa, ana ghorofa, ana mwanamke wa mjini, ameshampeleleza mwekezaji wa Kiingereza mitaa nzima, ameshapitia kampuni ya usafi ili aingie usiku kwenye ofisi za mawakili kupekua mafaili, ndipo anapompelekea Gekko wazo la kuinunua Bluestar, shirika la baba yake. Na nia yake ni njema kabisa, anaamini Gekko atalifufua na yeye atakuwa mkurugenzi. Vyama vya wafanyakazi vinaitwa mezani, wanaambiwa shirika liko pabaya, kubalini kupunguziwa mishahara ili tuliokoe. Wenzake wanaanza kulegea. Carl anakataa, mwanae anamtolea maneno mazito ambayo hapa kwetu mtoto akimwambia baba yake ukoo mzima unakaa kikao. Baadaye Bud anaingia kwenye kikao cha mabenki na mawakili wa Gekko bila kutegemewa na anakuta mpango wenyewe: ndege zinauzwa, kwenye mahangaa, yale mabanda ya ndege, yanajengwa maghorofa, na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, ambao una ziada ya dola milioni 75, Gekko anauchukua.

Hii ya pensheni watu wengi inawapita kwahiyo nieleze kidogo, maana ndio kazi yangu. Miaka ile kampuni za Marekani ziliweka michango kwa ajili ya pensheni za wafanyakazi kwenye mfuko, mfuko unawekeza kwenye hisa na hati fungani, yaani kukopesha kampuni au serikali kwa riba, na miaka ya themanini soko lilipopanda mifuko mingi ikawa na pesa kuliko hesabu ya mafao inayodaiwa. Hiyo ni ziada. Sheria ilimruhusu mwenye kampuni aufunge mfuko, awanunulie wafanyakazi pensheni kwenye kampuni ya bima, na ile ziada aondoke nayo. Sasa fikiria mtu anakuja kununua kampuni kwa pesa ya kukopa, hana yake, akishaimiliki anafunga mfuko, anachukua ziada, analipia deni lake. Yaani wafanyakazi wamemnunulia kampuni yao wenyewe, alafu yeye huyohuyo anawafukuza kazi. Na haikuishia kwenye sinema. Kampuni ya mbao ya Pacific Lumber kule California ilinunuliwa hivyohivyo kwenye mwaka 1986, kwa hati fungani za riba kubwa na hatari kubwa zilizouzwa na benki ya Drexel, ambako Michael Milken ndiye aliyekuwa bingwa wa kuuza hati hizo, mfuko wa wafanyakazi ukafungwa, zaidi ya dola milioni 50 zikachukuliwa, na pensheni zao zikapelekwa kwenye bima ya Executive Life ambayo yenyewe ilikuwa imejaza hati fungani za Milken hizohizo. Mwaka 1991 Executive Life ikaanguka. Milken alikuwa ameshakiri makosa 1990, Drexel imeshafilisika, na mwaka huohuo wa 1990 Bunge la Marekani likapandisha kodi ya kuchukua ziada ya pensheni mpaka asilimia 50 kwa baadhi ya makampuni ili kuwakatisha tamaa, ila wazee wa kule msituni walishaumia.

Mtu wa Dar hahitaji kuambiwa pensheni ni nini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, East African Airways ikafa nayo, na miaka ya elfu mbili mwanzoni wazee wale wa Jumuiya, wa reli, wa bandari, wa posta, wa ndege, walikuwa bado wanaandamana mjini hapa wakidai mafao yao, wengine wanatembelea mikongojo, wengine wameshakufa mafao yao yanadaiwa na watoto wao. Na 2018 kilipokuja kikokotoo cha kulipwa asilimia 25 kwa mkupuo, nchi nzima ilipiga kelele mpaka Rais Magufuli akakisimamisha Desemba ileile. Kwahiyo filamu hii sio ya Wazungu wa suspenda, ni ya kwetu kabisa, ila tunaiangalia kwa kukaa upande wa tajiri.

Niliiangalia na baba yangu mdogo nyumbani kwake Vingunguti, kwenye laptop, namtafsiria. Yeye alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja barabara ya Pugu, sitakitaja, tangu ujana wake mpaka kilipouzwa. Mambo ya hisa hayakumsisimua, alikaa kimya tu anakunywa chai. Ilipofika ile sehemu ya vyama vya wafanyakazi wameitwa nyumbani kwa Bud, akaniambia simamisha hapo.

"Huyu tajiri mbona hajauliza ndege zina hali gani?"

Nikamwambia baba mdogo, yeye ananunua kampuni, mambo ya ndege ana watu wake.

"Hapana. Mtu anayetaka kurusha ndege atauliza ndege. Wa kwetu naye alikuja hivihivi, hakuingia hata karakana. Alikuja na vijana wa vipimo wakavuta kamba toka getini mpaka kule upande wa reli, wakaandika, wakaondoka. Mimi nikamwambia mwenyekiti wa tawi, huyu kanunua kiwanja."

Na hapo Bud mwenyewe alikuwa bado hajajua kuhusu mahangaa na maghorofa, hiyo inakuja mbele. Mzee aliiona kabla filamu haijamwambia. Akanieleza jinsi mashine zilivyotoka: mashine ya kukerezea vyuma aliyoitunza yeye, akiijua mpaka sauti yake ikitaka kuharibika, walikuja watu na mitungi ya gesi wakaikata vipande vitatu kwasababu haikupita mlangoni ikiwa nzima, ikapakiwa kwenye lori la skrepa, ikaenda kupimwa kwa kilo. Mafao walilipwa nusunusu, nyingine wakaambiwa mfuateni mwenye mali mpya, mwenye mali mpya akasema deni sio langu. Leo pale kuna godauni. Anapita na daladala akienda kliniki yake ya presha na hapendi kuligeukia.

Kwahiyo mwandishi wenu akiniambia Gekko ni mwalimu mimi namuona baba mdogo. Carl Fox ndiye mtu mwenye akili kuliko wote kwenye ile filamu, ndiye aliyemuelewa Gekko kwa kumtazama tu bila kusoma karatasi hata moja, na alimuelewa kwasababu anaifahamu kazi ya pale ndani. Na mwisho Bluestar haikuokolewa na mwanasheria wala polisi, iliokolewa na vyama vya wafanyakazi viliposimama pamoja na Bud aliyegeuka, wakamzungusha Gekko mpaka akauza kwa hasara na shirika likaenda kwa yule Muingereza. Polisi walikuja baadaye, wakamkamata Bud ofisini akilia, na Bud akakubali kuvaa kinasa sauti akakutane na Gekko, akapigwa makofi mle bustanini Central Park. Hiyo nayo ingefaa kuwekwa kwenye stetasi.

Kuna kitu kingine kinaniuma. Sisi tukiongelea tamaa kwenye magazeti yetu tunamnyooshea kidole mtu wa chini. Mwaka 2009 ule mchezo wa upatu wa DECI ulipofungwa, watu waliokuwa wamepanda mbegu zao wakisubiri kuvuna, mama ntilie, wapagazi, waumini wa makanisani, waliandikwa sana kwamba tamaa imewaponza. Sikatai, kupanda laki ukavune laki mbili na nusu bila jasho kuna tamaa ndani yake. Lakini yule mama alikuwa anatafuta kodi ya meza sokoni. Tamaa yenyewe kubwa iko juu, kwenye vyumba vya mikutano vyenye kiyoyozi, na ina mawakili, na karatasi zake zimepigwa mihuri yote. Mwaka 2013 serikali yetu ilikopa dola milioni 600 nje kupitia Standard Bank ya London na Stanbic ya hapa Dar. Pembeni ya mkopo ikatokea kampuni ndogo ya hapahapa ikalipwa dola milioni 6 kama ada, na pesa hizo zikatolewa keshi ndani ya siku chache. Novemba 2015 mahakama ya London ikaidhinisha makubaliano, Standard Bank ikalipa faini, na zile dola milioni 6 pamoja na riba zikarudishwa kwa Tanzania. Nani aliyeona kwanza? Wafanyakazi wa benki hapa Dar. Watu wa kaunta na wa ofisini walioona keshi inatoka kwa namna isiyo ya kawaida wakapaza sauti kwa wakubwa wao, ndio mambo yakafika yalipofika. Hao ndio akina Carl wetu, na ukimuuliza kijana yeyote wa mjini hawajui, ila Gekko anamjua mpaka anavyochana nywele.

Mwandishi wenu anaweza kunijibu kwamba filamu yenyewe ndio imempamba Gekko, suti nzuri, maneno matamu, nyumba ya baharini. Ni kweli, na Stone amelaumiwa kwa hilo miaka yote. Mimi naona alifanya sawa. Wezi wa namna hii wangekuwa wanakuja na sura mbaya na harufu mbaya nani angewapa kampuni? Wanakuja wanapendeza, wanaongea Kiingereza cha kumwagika, wanakuletea zawadi. Ila kazi ya mwandishi wa gazeti ni kumsaidia msomaji aone kilichofichwa nyuma ya suti, na hiyo kazi haikufanyika kwenye makala yenu.

Nina maombi, Mhariri. La kwanza, mrudieni Carl, andikeni makala nyingine yenye picha yake na ovaroli lake na mueleze ile pensheni kama nilivyojaribu hapa, mna waandishi wa biashara wanaoweza kuieleza vizuri kunizidi. La pili ni kwa ndugu zetu wanaotafsiri filamu. Tangu enzi za Lufufu mpaka hawa wa sasa mnatupa za ngumi na risasi, na tunawapenda kwa hilo, vibanda umiza vyote vinajaa. Jaribuni na hii. Najua mtasema haina mapigano haitauza, lakini kuna ugomvi wa baba na mtoto mle kwenye lifti ambao mtu wa Tandale atausikia mpaka kwenye mifupa, na mambo ya hisa yakielezwa kwa lugha ya Kariakoo, nimeuza kwa hii nimenunua kwa ile, yanaeleweka, watu wetu ni wafanyabiashara tangu utoto.

La tatu ni kwa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na vyama vyake. Kila Mei Mosi mnagawa fulana na kofia. Mwaka huu wakusanyeni viongozi wa matawi, wa viwandani, wa bandarini, wa mabenki, muwaonyeshe ile sehemu ya kikao cha vyama na Gekko, msimamishe pale baba mdogo aliposimamisha, muwaulize wangeuliza nini wangekuwa wao. Kwasababu ndio hao watakaoitwa mezani siku mnunuzi akija, na wengi wataitwa asubuhi wasaini mchana. Waende wakijua kwamba cha kwanza kuuliza ni pensheni yetu iko wapi na mkataba wa mauzo unasema nini juu yake, cha pili pesa ya kununulia umekopa wapi na nani atalipa, na kama mnunuzi amekuja na watu wa kupima kiwanja basi na hilo waliulize mbele ya wote na liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Msomaji wenu,
Mtoni kwa Aziz Ally,
Temeke, Dar es Salaam